TDM, bendera, kilima au bomu: aina ipi inamjenga mchezaji?

Kipanga (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadau. Kuna suala limenikaa kichwani wiki nzima, na najua humu kuna watu waliokesha kwenye gemu hizi kabla mimi sijajua kushika kipanya.

Mdogo wangu ameanza kucheza gemu za risasi, zile unazoona dunia kwa macho ya mhusika mwenyewe. Tuna saa moja kila usiku, si zaidi. Mimi nimekulia kwenye TDM (Team Deathmatch): timu mbili, inayotangulia kufikisha idadi ya mauaji ndiyo mshindi. Shabaha yangu si haba. Ila mwezi uliopita nilijiunga na kikosi kinachocheza bomu tu (timu moja inatega bomu, nyingine inazuia au inalitegua, na ukifa hurudi mpaka raundi iishe), na mechi ya kwanza nikafa mwanzoni mwa raundi nne mfululizo, kwa sababu nilikimbilia kila mlio wa risasi kama nilivyozoea. Wenzangu hawakunisema. Kimya chao kwenye maikrofoni nilikielewa.

Tangu siku hiyo kila aina ya mchezo naipima kwa swali moja: ukifa, unapoteza nini? TDM, sekunde chache na adui anaongeza pointi moja. Domination, ile ya kushika bendera, unapoteza kipande cha ardhi. Bomu, raundi yako imeisha na wenzako wanabaki pungufu. Battle royale, ile ya watu wengi kwenye ramani moja mpaka abaki mshindi, zinaweza kupotea dakika ishirini za kuokota silaha. Naona bei ya kifo ndiyo inayomfundisha mtu namna ya kutembea na kusikiliza.

Sasa huyu dogo nimwanzishie wapi? Ajenge mkono TDM kwanza, au nimtie kwenye bendera na bomu mapema kabla hajaota tabia nilizoota mimi?

Mkongwe_Arena

Mkuu Kipanga, usiidharau njia uliyopitia. Kuwindana bila lengo jingine ndiyo mama wa aina zote hizi. Gemu ya Doom ilipotoka 1993, watu wanne waliunganisha kompyuta zao wakasakana kwenye ramani moja, na jina deathmatch likaenea kutokea pale.

Quake III Arena ya 1999 ndiyo iliyonifundisha kwamba kuua si shabaha tu. Kwenye pambano la mmoja kwa mmoja, deraya nyekundu ikichukuliwa inarudi baada ya sekunde 25, na Mega Health, kile kifurushi kikubwa cha uhai, baada ya 35. Anayehesabu kichwani anatangulia kufika, anavaa deraya, halafu anakusubiri. Kuna mtu alinifunga mechi baada ya mechi ilhali kwa shabaha namzidi. Yeye alikuwa anahesabu sekunde, mimi nilikuwa nafukuza tu.

Tatizo la TDM za sasa ni kwamba hakuna cha kuhesabu. Unafufuka, unakimbia, unafyatua, unakufa. Kama dogo atapita huko, mpe sharti: kabla ya kuvuka kila kona, akutajie kwa sauti mahali alipomwona adui mara ya mwisho. Mwanzoni atachukia. Baada ya siku kadhaa utamsikia anasema mwenyewe.

Bendera_ya_Kati

Mimi naitetea Domination mpaka mwisho, na nitaeleza kwa hesabu maana watu wengi wanaicheza bila kuielewa.

Bendera ni tatu: A, B na C. Kwenye Call of Duty kila bendera unayoishika inakupa pointi moja kila sekunde tano, na mechi huenda hadi 200. Mkishika mbili mwanzo hadi mwisho, mnafika 200 kwa sekunde 500, yaani dakika nane na ushee. Adui mwenye moja atakuwa na 100. Kwa hiyo mbili zinatosha kabisa! Lakini kila mechi utamwona mtu anaikimbilia ya tatu kama vile amerushiwa zawadi.

Ubaya wa kuivamia ya tatu ni huu: gemu inawafufua adui karibu na bendera yao, mbali na mlipo nyie. Mkiishika A na B, wao wanatokea upande wa C, na mnajua watapita wapi. Mkiwanyang'anya C, gemu inatafuta mahali pengine pa kuwafufulia, na ghafla wanatokea mgongoni mwenu kule A. Mliokuwa mmewabana sasa mmezungukwa. Nimeona uongozi wa pointi 50 ukiyeyuka kwa kosa hilo moja.

Ndiyo maana napinga hoja ya "ajenge mkono kwanza". Domination inampa mapambano mengi kama TDM, kwa sababu akifa anarudi baada ya sekunde chache, lakini kila pambano lina mahali pake. Mkono utajengeka huko huko.

Mteguaji

Kipanga, hiyo kauli yako ya bei ya kifo naiunga mkono mia kwa mia, na ndiyo sababu nasema bomu ndilo shule.

Nimecheza Counter-Strike miaka mingi. Bomu likishategwa linabaki na sekunde 40. Kulitegua kunachukua sekunde 10, au 5 kama ulinunua kifaa cha kutegulia. Zile sekunde tano za tofauti zimeamua mechi nyingi kuliko risasi. Kifaa kinauzwa dola 400 za mle ndani ya gemu, na utashangaa wangapi wanakiacha ili wanunue guruneti.

Tena pesa zenyewe ni somo kamili. Raundi ya kwanza kila mtu anaanza na 800. Malipo ya chini ya kupoteza raundi ni 1400, mkiendelea kupoteza yanapanda kidogo kidogo hadi 3400. AK-47 ni 2700, AWP ya mdunguaji ni 4750. Kuna raundi ambazo timu inakubaliana isinunue kitu ili inayofuata wote wawe na silaha kamili. Mmoja akivunja makubaliano akanunua peke yake, raundi hiyo anakufa na bunduki yake, na inayofuata ni maskini kati ya wenzake wanne wenye silaha. Wapi kwingine mchezaji mpya atajifunza kwamba uamuzi wake wa sasa unamfuata dakika mbili mbele?

Kisha kuna kile kimya. Umebaki peke yako, wao watatu, unasikiliza nyayo. Hakuna aina nyingine inayonipa mapigo ya moyo yale, na nimezijaribu zote zilizotajwa hapa.

Bendera_ya_Kati

Mteguaji, kila ulichosema ni kweli kwa mtu aliyekwisha kujua. Mgeni anakufa sekunde ya kumi na tano, halafu anatazama wenzake dakika nzima na zaidi. Kwenye hiyo saa moja ya Kipanga, dogo atashika bunduki dakika ngapi?

Mteguaji

Kutazama nako ni kujifunza, kama anajua atazame nini. Ila nakubali, anayeanza hajui. Hapo umenishika.

Laini_Dhaifu

Naomba mzingatie mtandao pia, maana kila mara tunajadili kama vile wote tuna intaneti nzuri.

Seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, inachelewa kumwambia mlinzi kwamba mshambuliaji ametokeza konani. Anayetokeza anakuona mapema kidogo kuliko wewe unavyomwona, na laini ikiwa mbovu pengo linapanuka. Gemu kama Valorant zinaendesha seva zake kwa mizunguko 128 kwa sekunde ili kulibana pengo hilo, lakini kucheleweshwa kwa waya zako mwenyewe hakuondoki.

Mimi nilikaa na kona ya bomu miezi, nikidhani mkono wangu ni mzito. Nilipohamia kwenye aina za kufufuka nikagundua nipo kawaida tu. Kifo cha kuonewa na mtandao kwenye Domination kinaniuma sekunde tano. Kwenye bomu kinaiangusha timu nzima, na huna hata namna ya kujieleza. Kipanga, pima laini yenu kabla ya kuchagua.

Kipanga

Asanteni sana. Laini_Dhaifu, hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Yetu ni nzuri mchana, usiku inayumba, na usiku ndio muda wetu. Kwa hiyo bomu naliweka pembeni kwanza.

Kuna wenye uzoefu na Hardpoint? Na battle royale je, maana dogo rafiki zake wote wako huko?

Dada_Kilimani

Hardpoint naijua, iliingia na Call of Duty: Black Ops II mwaka 2012. Kilima, yaani eneo la kushikilia, ni kimoja, kinahama kila sekunde 60, na timu iliyo ndani peke yake inapata pointi moja kila sekunde. Wakiwamo wa pande zote mbili, hakuna anayepata. Mwisho ni 250.

Watu wanaona vurugu ndani ya duara wakadhani mchezo ndio huo. Mchezo uko nje! Zikibaki sekunde kama 20, mmoja wenu anatakiwa awe ameshaondoka kwenda kilima kinachofuata, hata kama cha sasa bado kinawaka moto. Akitulia kule mapema, nanyi mtaanza kufufukia upande huo. Adui waliobaki kupigania sekunde za mwisho za kilima cha zamani watafika kipya wamechelewa.

Nimekuwa mtu huyo kwenye timu yangu muda mrefu. Namaliza mechi nina mauaji machache kuliko wote, na wageni wananiuliza nilikuwa wapi. Wenzangu wanajua nilikuwa wapi. Inanipa furaha ambayo jedwali la mauaji halijawahi kunipa.

Ila kwa anayeanza ni ngumu, kwa sababu lazima aijue ramani na mpangilio wa vilima. Amalize kwanza Domination, ambayo bendera zake hazihami.

Parachuti

Kuhusu battle royale nitasema ukweli ingawa ndiyo naipenda. PUBG ilipoipaisha mwaka 2017 kwa watu 100 kwenye kisiwa kimoja, nilivutiwa na ule uhuru: mduara unabana, wewe ndiye unaamua lini upigane. Inafundisha subira na kuchagua mahali pa kusimama. Lakini mapambano ni machache. Unaweza kuitumia saa nzima ukafyatuliana na watu mara tano tu.

Kama rafiki zake wako huko na hutaki kumtenga nao, chagueni ile inayosamehe. Apex Legends ya 2019 ina watu 60 kwa vikosi vya watatu, na mwenzako akifa kabisa unaokota bango lake, unalipeleka kwenye kituo, anarudi. Mle pia unaweza kuonyesha adui, silaha au njia kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mhusika wako anatamka. Mtoto anayeona haya kuongea kwenye maikrofoni anashiriki sawa na wengine. Wikendi, siyo kila siku.

Tabibu

Mmesahau kigari. Team Fortress 2 ilileta Payload mwaka 2008: timu moja inasukuma kigari chenye bomu kwenye reli, nyingine inazuia. Kinakwenda kasi zaidi wakiwa watu wawili au watatu pembeni yake, na kikiachwa sekunde 30 kinaanza kurudi nyuma. Mtu hahitaji kuelezwa afanye nini, anakiona.

Mimi shabaha yangu ni mbovu tangu zamani. Kwenye kigari nilikuwa mganga, naponya wengine, na nimeshinda mechi nyingi bila kuua mtu.

Kibati

Wakuu, mbona mnaruka daraja? Ipo Kill Confirmed, kutoka Modern Warfare 3 ya 2011. Ni TDM ile ile, ila aliyeuawa anaangusha kibati cha jina, na pointi haihesabiwi mpaka mtu wa timu yenu akikanyage na kukiokota. Wenzake wakikiwahi, pointi imepotea.

Kipanga, hebu ipitishe kwenye kipimo chako. Kifo kinabaki rahisi, lakini sasa mauaji yana kazi ya ziada. Ukimdungua mtu toka mbali, lazima ujiulize kama unaweza kufika pale. Utaona vibati viwili sakafuni na kujua kabisa kwamba adui anavitumia kama chambo. Utaokota vya wenzako waliokufa, na hapo ndipo mtu anaanza kuitazama timu yake. Kwa mtu aliyezoea kukimbilia milio ya risasi, naona inamfaa hata wewe mwenyewe.

Mkongwe_Arena

Kibati kasema. Hii sikuifikiria.

Kipanga

Wadau, narudi na mrejesho baada ya siku tisa. Siku nne tumecheza Kill Confirmed, zilizobaki Domination.

Siku mbili za kwanza dogo alikufa juu ya vibati kama nzi juu ya asali. Ya tatu akaanza kusimama ukutani, anachungulia, anatupa guruneti, ndipo anaingia. Sikuwa nimemfundisha. Mimi mwenyewe nimejigundua kuwa siokoti vibati vya wenzangu, naviruka nikikimbilia pambano lingine. Hilo limeniuma, na nimelifanyia kazi.

Jana kwenye Domination tulikuwa na A na B, tunaongoza 160 kwa 121. Mtu tusiyemjua akaanza kukimbilia C. Dogo, ambaye hajawahi kufungua maikrofoni kwa wageni, akasema: "Kaka rudi, zinatosha mbili." Yule akarudi. Tukashinda.

Bendera_ya_Kati, ile hesabu yako alikuwa ameisoma hapa hapa begani kwangu. Mteguaji, tumeamua Jumamosi mchana, laini ikiwa imetulia, tuingie bomu kwa mara ya kwanza, sisi wawili. Kama una nafasi, tunahitaji wa tatu, na kifaa cha kutegulia dogo amesema atanunua yeye.