Mtu wa masaji Mbeya mjini, namjuaje anayejua kazi na nimlipeje?
Wakuu poleni na baridi, naomba ushauri. Bimkubwa yupo Uyole, mgongo na bega vinambana, kulima viazi miaka yote na hii baridi ya Juni ndo inamkaza kabisa, eksirei kapigwa mfupa hauna shida, daktari kasema ni misuli, afanye mazoezi na akipata wa kumkanda sawa tu. Sasa kuna dada mmoja Mwanjelwa anakuja nyumbani, elfu 30 kwa saa, ila anataka nilipie mara kumi kwa mkupuo ndo anipunguzie, tena nitume kwenye simu kabla hata hajamgusa mgonjwa. Hapo ndo nasita. Cheti anasema uzoefu unatosha, na hajauliza kama mama ana presha (anayo, anameza dawa), mi nilitegemea hilo ndo liwe swali la kwanza maana sio kila mtu wa kukandwa kwa nguvu.

Wengine wanasema nimpeleke tu fiziotherapia pale hospitali ya Rufaa, unalipia dirishani unapewa risiti yako. Waliowahi, mnalipa kila akimaliza au mnatanguliza nusu? Na bajaji ni juu ya nani? Awe mwanamke lakini, bimkubwa hakandwi na mwanaume hata umlipe yeye.