Binti kajibu 8, mwalimu kampa kosa: hivi darasa la nne watoto wanatakiwa kujua nini hasa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimeruka mnivumilie.

Jana jioni nimefungua daftari la hisabati la binti yangu, yuko darasa la nne. Swali la tano: watoto 30 wanavushwa mto kwa mtumbwi unaochukua watoto 4 kwa safari moja, je, zitahitajika safari ngapi? Binti kaandika 8. Pembeni kachora mitumbwi minane kwa penseli. Saba ina vijiti vinne vinne, wa mwisho una vijiti viwili. Hata asiyejua kusoma angeona kwamba huyu mtoto kaelewa. Juu ya ile 8 kuna alama ya kosa, wino mwekundu, imekandamizwa mpaka ukurasa wa nyuma umevimba. Chini yake kuna sahihisho: 7 baki 2.

Saba baki mbili! Safari saba na baki mbili ni safari ya aina gani? Wale wawili wanabaki ng'ambo wanawapungia wenzao mkono, au? (Kabla mjuaji hajaja na "mpiga kasia je?", swali linasema mtumbwi unachukua watoto wanne. Mpiga kasia ana nafasi yake, tuendelee.)

Leo asubuhi nikaenda shuleni. Sitaji shule wala mwalimu, msihangaike kunifuata faragha kuuliza. Nikapokewa vizuri, nikakaribishwa kiti. Jibu nililopewa ndilo lililonifanya nifungue uzi: "Mama, sisi tunafuata majibu ya mwongozo. Na mtihani utasahihishwa hivyohivyo, sasa ukimzoesha kufikiria sana atakosa alama."

Ukimzoesha kufikiria sana. Nimerudi nyumbani nikiirudia sentensi hiyo njia nzima.

Nikaanza kutafuta, nikijua labda mimi ndiye mwenye matatizo. Kumbe jambo hili ni la zamani. Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwapa wanafunzi wa miaka 13, kwenye mtihani wa tathmini wa nchi nzima, swali la aina hiyohiyo: wanajeshi 1,128, basi moja linachukua 36, yanahitajika mabasi mangapi? Kama asilimia 70 waligawanya vizuri kabisa. Lakini asilimia 29 wakaandika "31 baki 12", asilimia 18 wakaandika 31, na waliosema 32 hawakufika hata robo ya watahiniwa. Hesabu wanaijua, basi hawalioni. Miaka arobaini baadaye mtoto wangu kaliona basi, na ndiye anayepewa kosa.

Sasa turudi kwenye swali la uzi. Darasa la nne ni mwaka wa nini? Ukichungulia mitaala ya nchi mbalimbali, kwenye hisabati mambo makubwa yanafanana: kuzidisha namba zenye tarakimu zaidi ya moja, kugawanya na kujua baki lina maana gani kwenye swali ulilopewa, sehemu (nusu, theluthi, robo na wenzao), na kuanza kugusa desimali. Kuna pembe na kipimapembe, kuna eneo na mzingo, hayo yanapita. Uti wa mgongo ni kugawanya na sehemu. Na si mimi nasema. Mwaka 2012 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Siegler, na wenzake walichukua takwimu za Uingereza na Marekani, wakafuatilia watoto kuanzia umri wa miaka kumi hivi mpaka sekondari. Wakakuta ujuzi wa sehemu na wa kugawanya katika umri ule unatabiri namna mtoto atakavyofanya aljebra baadaye, hata ukishaweka kando akili yake kwa jumla na kipato cha wazazi. Umri wa miaka kumi, wakuu. Ndiyo hili darasa tunalolifanyia mzaha.

Basi nikamjaribu binti kwenye sehemu. Nikauliza, kipi kikubwa, theluthi au robo? Akajibu robo, "kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu". Nikakunja karatasi mbili zinazolingana mbele yake, moja vipande vitatu sawa, nyingine vinne, nikamwambia shika kipande kimoja kimoja. Kavishika, kavipima kwa kuvilaza kimoja juu ya kingine, kisha akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Kwa hiyo asili ikikua kipande kinapungua?" (Asili ni ile namba ya chini kwenye sehemu.) Dakika mbili na karatasi mbili za kutupa. Daftari lake lina kurasa kumi na moja za sehemu, na hakuna hata mchoro mmoja.

Halafu kwenye hizo kurasa kumi na moja tayari wanajumlisha sehemu zenye asili tofauti, jambo ambalo mitaala kadhaa huliacha mpaka darasa la tano. Nusu jumlisha theluthi. Mwenzake wa dawati kaandika mbili ya tano: kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mbili ya tano ni pungufu ya nusu! Yaani umeanza na nusu, ukaongezewa kitu, ukaishia na kidogo kuliko ulichoanza nacho. Mtoto anayejua sehemu ni nini angestuka hapo hapo. Huyu hakustuka, na simlaumu hata kidogo. Sahihisho alilopewa ni mstari mmoja: "tafuta KDS", yaani kigawe kidogo cha shirika. Kakariri KDS sasa. Kesho kutwa atasahau kama wote tulivyosahau.

Kusoma nako ni hivyohivyo. Jeanne Chall, aliyekuwa mtafiti wa Harvard, alieleza mwaka 1983 kwamba mpaka kama darasa la tatu mtoto anajifunza kusoma, na kuanzia la nne anasoma ili ajifunze. Ndiyo maana wapo watoto waliokuwa wanafanya vizuri halafu wakifika darasa hili wanateremka ghafla, kwa sababu maandishi yanaanza kubeba mambo na maneno ambayo hawajawahi kuyasikia nyumbani. Binti yangu anasoma kwa sauti kama mtangazaji. Juzi kanisomea aya ya mzunguko wa maji bila kukwama hata pale kwenye "uvukizi". Nikamuonyesha nguo iliyokuwa kwenye kamba tangu asubuhi: maji yaliyokuwa humu yameenda wapi? "Yamekauka." Yamekauka yameenda wapi? Kimya. Na jibu kalisoma dakika tano zilizopita, lipo daftarini kwa mwandiko mzuri, limepata vema.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Vitu anavyofundishwa si vibaya, na wala si vingi kupita umri wake. Ukikaa naye chini unagundua anaviweza. Lakini kinachopimwa ni kama daftari limejaa na jibu linafanana na la mwongozo. Mwisho wa mwaka nitaletewa karatasi yenye alama na nafasi yake darasani, wa kwanza, wa kumi na nane, wa thelathini. Hakuna mahali patakapoandikwa "anaweza kulinganisha sehemu mbili", "anajua la kufanya na baki", "akisoma aya anaweza kuieleza kwa maneno yake". Wa kumi na nane katika kujua nini?

NYONGEZA 1: Naona majibu yamekuwa mengi, nijibu machache.

Mkuu uliyesema "watoto wa siku hizi hata jedwali la kuzidisha hawajui, nyie mnawatetea", soma tena uzi. Sijapinga kukariri jedwali. Akae nalo mpaka liingie, kwa sababu mtoto anayetumia vidole kwenye 7 mara 8 akifika kwenye kugawanya namba kubwa anapotea njiani, kichwa kimejaa hesabu ndogo hakina nafasi ya swali lenyewe. Lakini hata hapo mwambieni basi kwamba 7 mara 8 na 8 mara 7 ni kitu kimoja. Ukiondoa za moja na za kumi, na ukaacha kuhesabu kitu kimoja mara mbili, zinabaki 36 tu za kukariri. Thelathini na sita! Binti alikuwa anaamini ni mia. Siku nilipomwambia alizihesabu mwenyewe kwa kufuta kwenye jedwali.

Dada uliyeandika kwamba wewe ni mwalimu na una watoto wengi darasani huku mada zikikufukuza, nimekuelewa na samahani kama nimekukwaza. Kusoma michoro ya mitumbwi ya watoto wote hao usiku mmoja si kazi ndogo. Ila nisaidie hili moja: kuweka vema kwenye 8 kunachukua muda gani zaidi ya kuweka kosa?

Na wewe uliyesema nimhamishe shule. Mwongozo huohuo utamfuata.

NYONGEZA 2: Kuna mdau kaleta lile swali la Wafaransa wa Grenoble, la kama mwaka 1980: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Walipewa watoto 97 wa darasa la pili na la tatu, 76 wakatoa umri kwa kuchezea hizo namba. Nikacheka, nikasema hebu. Nikamwita mtoto wa jirani, darasa la tano, anayeongoza mitihani yote, nikamuuliza. Hakuchukua sekunde tatu. "Thelathini na sita." Nikamuuliza kwa nini. "Si ni kujumlisha? Ukigawanya haiingii kamili."

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni. Kamtazama, kasema, "Wewe, hao ni mbuzi."

Mtihani ni Ijumaa. Kabla ya kulala kaniuliza swali la mitumbwi likija tena aandike ipi. Nimemwambia aandike nane na achore, na wakimkata alama aniletee hiyo karatasi kama ilivyo.