App ya kikoba: kwa nini akina mama hawaliamini salio?

Kijana_Mbagala: Habari wakuu. Natengeneza app ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Ukiifungua tu unaona salio la kikundi, jumla moja kubwa pale juu. Mweka hazina akibonyeza kuidhinisha mkopo, hela inatoka papo hapo. Kikundi ninachojaribia, akina mama wa sokoni, michango wanaingiza vizuri tu, ila hela yenyewe wamegoma kuitoa kwenye sanduku. Mmoja kaniuliza, "Hela ya jamii umeipeleka wapi?" Ipo humohumo kwenye jumla! Niwape semina nyingine?

MamaKatibu: Mdogo wangu, semina ya nini tena? Mimi ni katibu wa kikoba. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanachama watatu wasio viongozi. Halifunguki mpaka wote wawepo, mbele ya mkutano. Wewe umempa mweka hazina kitufe kimoja, aweza kufungua saa nane za usiku yuko kitandani. Wewe ungeweka hela yako hapo?

Na hela ya jamii haichanganywi na hisa, hata siku moja. Ni ya msiba na mgonjwa. Ndani ya sanduku kuna vifuko viwili vya kitambaa. Kabla ya kufunga tunatangaziwa kilichobaki kwenye kila kifuko, wote tunakariri. Mkutano unaofuata, kabla pesa haijaguswa, tunaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Hiyo jumla yako hakuna anayeijua, sasa ataihakikije?

Mdau_wa_Pembeni: Mama kamaliza. Niongeze tu: M-Pesa ilipojaribiwa Kenya 2005, ilikusudiwa kulipia marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaigeuza, wakawa wanatumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo ikawa habari yenyewe. Yaani waliwafuata watu walivyoitumia.

Kijana_Mbagala: Asante sana mama. Basi naweka namba za siri za watu watatu, na mifuko miwili kila mmoja na salio lake. Mshika ufunguo akisafiri?

MamaKatibu: Anamkabidhi mwenzake, tena kikundi kijue ni nani. Iweke na hiyo. Halafu hisa zangu usiniandikie shilingi tupu. Nionyeshe mihuri, mmoja kwa kila hisa, kama ilivyo kwenye kitabu changu. Shilingi nitazijua siku ya kugawana.