Stendi ya kuwashia injini kabla ya kuifunga kwenye gari

Mpenda Spana aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimemaliza kuifungua na kuifunga upya injini ya petroli ya silinda 4, ya zamani, yenye kabureta na distribyuta (kigawa umeme wa plagi). Silinda zimechongwa, ringi ni mpya, na kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) pamoja na tapeti zake bapa, yaani vipande vinavyosukumwa na nundu hizo, zisizo na rola, ni mpya pia. Ningependa kuiwasha ikiwa nje ya gari, ili kama kuna sili inayovuja nijue wakati bado naweza kuizunguka pande zote, kwa sababu injini iliyotangulia nililazimika kuishusha nzima kwa ajili ya sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ninayo stendi ya matengenezo, ile yenye kichwa kinachozunguka, ambayo huishika bloku kwa bolti 4 upande wa giaboksi. Je, naweza kuiwashia hapo hapo? Kama haifai, niunde fremu ya namna gani?

Chuma Kizito alijibu:

Hapo usiiwashe. Stendi hiyo imeundwa kubeba uzito uliotulia, nao uzito wote unaning'inia upande mmoja. Injini ikianza kutikisika, mkono ule utacheza na bolti zitalegea. Zaidi ya hayo, bolti zenyewe zimekalia uso wa giaboksi, mahali ambapo stata ya injini nyingi hufungwa, kwa hiyo hata ungetaka, usingekuwa na cha kuizungushia.

Unda fremu ya bomba la mraba, la milimita 50 likiwezekana, na uishike injini pale pale inaposhikwa ndani ya gari: maunti (vishikio) mbili za ubavuni zikiwa na raba zake, na nguzo ya tatu nyuma. Kwa nyuma tafuta giaboksi iliyokufa ya injini ya aina hiyo, ukate lile ganda linalofunika flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), ulifunge. Ganda hilo litabeba stata, litakaa juu ya nguzo, na litakuwa kinga ya flaiwili. Ukiacha dirisha dogo chini yake utaiona sili yako ya nyuma bila kuweka uso karibu. Klachi iache nje, haina kazi hapo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni upana wa kitako. Ukifungua mafuta ghafla, bloku husukumwa kupinduka kinyume cha mwelekeo wa krenki, yaani kuelekea ubavuni, na fremu nyembamba iliyo juu ya magurudumu huinuka mguu mmoja. Magurudumu ni ya kusogezea tu. Wakati wa kuwasha, fremu isimame kwa miguu ya skrubu.

Tone la Oili alijibu:

Fremu imeelezwa vizuri. Mimi naongeza kwamba kwa kamshafti yenye tapeti bapa, kazi kubwa iko kabla ya kugusa swichi.

Katika injini nyingi za aina hiyo, nundu za kamshafti hupata oili kwa kurushiwa na krenki inayozunguka, na ikiwa krenki inazunguka polepole, kinachorushwa ni kidogo. Ndiyo sababu injini mpya ya namna hii haiachwi kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta: inapowaka ipandishwe mara moja hadi mizunguko kati ya 2000 na 2500 kwa dakika, ikae humo kwa dakika 20 hadi 30 huku ukiibadilisha kidogo kidogo. Kwa hiyo haifai kupiga stata dakika tano ukitafuta mahali pa distribyuta, maana kila mzunguko wa polepole unafuta grisi ya kufungia uliyopaka kwenye nundu. Taimingi (wakati wa plagi kuwasha) iwe imepangwa, kabureta iwe na petroli ndani, na presha ya oili iwe imeshapatikana. Kama pampu yako ya oili inaendeshwa na shafti ya distribyuta, itoe distribyuta, uizungushe pampu kwa drili hadi geji ipande. Funga geji ya kimakanika, usitegemee taa, kwa sababu taa huzimika presha ikiwa bado ndogo mno. Oili iwe yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na baada ya zoezi hilo uimwage, ukikate na kichujio uone kama kuna unga wa chuma.

Rejeta inaweza kuwa ndogo kuliko ya gari, kwa kuwa injini haibebi mzigo, lakini mdomo wake uwe juu kuliko silinda hedi, la sivyo hewa itabaki ndani na geji ya joto itakudanganya. Waya mnene wa hasi uende kwenye bloku yenyewe, si kwenye fremu, kwa maana raba za maunti hazipitishi umeme. Umeme wa stata ukikosa njia utapita kwenye waya wa eksileta, na nimeshauona ukiwa mwekundu.

Mzee wa Wayaringi alijibu:

Kwa injini ya muulizaji nakubaliana na waliotangulia. Kwa wasomaji wenye injini za kisasa, hata hivyo, fikirini kwanza. Injini hizo hudai kompyuta yake, wayaringi kamili, sensa ya krenki, pampu ya petroli yenye presha ya takriban baa 3 kwa mifumo mingi inayonyunyizia petroli kwenye njia ya hewa, na mara nyingi ufunguo unaotambuliwa na gari. Ukishakusanya vyote hivyo umeunda nusu ya gari. Kupima kompresheni na presha ya oili kwa stata tu kunafichua mengi kwa kazi ndogo.

Pia stendi haikalishi ringi. Ringi husukumwa ukutani na presha ya gesi, na presha hiyo huja injini ikivuta mzigo. Maliza kamshafti, kagua uvujaji, uzime.

Mpenda Spana alijibu:

Nawashukuru nyote. Ganda la giaboksi nimelipata na kesho naanza kuchomelea. Limebaki swali la tanki na la moshi: nilifikiria kuning'iniza chupa ya petroli juu ya kabureta, na kuiacha ekzosi wazi.

Chuma Kizito alijibu:

Chupa usiweke. Tumia tanki dogo lenye kifuniko, lifungwe kwa bolti upande usio na ekzosi, na pampu ya injini ivute yenyewe. Ekzosi iwe na bomba refu lenye kipunguza sauti, na kazi yote ifanyike nje kabisa, kwa kuwa monoksidi ya kaboni haina harufu na mlango ulio wazi hautoshi. Kizima moto cha unga kiwe mkononi mwa mtu wa pili, si sakafuni, naye asimame mbele ya rejeta, kamwe si ubavuni mwa feni au flaiwili. Swichi inayokata koili uifunge upande huo huo aliposimama.