MJADALA: Vita iondolewe kwenye sinema za mapenzi za kuchekesha za TV?

Wadau habari. Kila TV ikionyesha sinema ya mapenzi ya kuchekesha iliyowekwa wakati wa vita, lazima watokee watu kusema eti ni dharau kwa waliokufa, hao wapenzi wapelekwe sehemu nyingine. Mi naona ukiitoa vita unaua stori, na ushahidi upo.

Chukueni Christmas in Connecticut ya 1945. Jones ni baharia wa Marekani, meli yake imezamishwa, kaelea baharini na njaa yake, sasa yupo hospitali anapewa vya majimaji tu huku anaota nyama, mpaka anaanza kumtongoza nesi ili apate msosi wa kueleweka (jamaa hana aibu kabisa). Nesi anajua ndoa hiyo inakuja, akaona aonjeshwe maisha ya nyumbani kwanza, basi anaandika barua kwa mwenye jarida amwalike Jones Krismasi kwa mwandishi wao wa mapishi, yule dada aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, anayewasimulia wasomaji shamba, mume na mtoto wakati hana hata kimoja na kupika hajui, mapishi yote ya Felix, rafiki yake mwenye mgahawa. Sa we utamwambiaje mtu aliyetoka kufa njaa baharini kwamba misosi yote ile ilikuwa ya uongo? Hapo ndo uongo unaanza kuzaa uongo. Na ilitoka Agosti 1945, mwezi uleule Japani inasalimu amri, watazamaji wenyewe wana ndugu hawajarudi, nani awafundishe vita ni nini?

1992 TNT, kituo cha TV cha Marekani, wakairudia kwa ajili ya TV, mwongozaji Arnold Schwarzenegger, ndiyo, huyohuyo. Vita wakaitoa. Jones kawa askari wa misitu aliyeokoa mtoto kwenye theluji. Sawa, mtu mwema, ila njaa imeenda wapi? Ikabaki watu kukimbizana tu ndani ya nyumba.

Mipaka ipo, sikatai. M*A*S*H, ile tamthilia ya kuchekesha ya TV kuhusu madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita ya Korea, ilikuwa na vicheko vya kurekodi ila kwenye chumba cha upasuaji walivitoa, majeruhi yupo mezani, hakuna sauti ya kukuamrisha ucheke.

Sasa anayetaka vita itoke kabisa aniambie hao wapenzi wataharakishwa na nini, maana likizo fupi na hofu ya kuitwa kazini kesho asubuhi ndo zinawafanya waropoke mambo ambayo wakati wa amani wangeyazungusha miezi sita. Hoja tu, matusi hapana.