Wakuu, nipo Kigoma, nataka kufuzu mashindano ya dunia ya mbio za magari za kwenye gemu. Naombeni ushauri

Kijana_wa_Mwanga
Habari za jioni wakuu. Siku tatu sijalala vizuri, naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunishambulia.

Nina miaka 24, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nina kibanda cha gemu, PS4 mbili na PS5 moja, watoto wanalipa 1,000 kwa saa. Wateja wangu wote wanacheza mpira. Mimi nikishafunga nabaki peke yangu na Gran Turismo 7 mpaka usiku wa manane. Nimefika DR A. Kwa wasiojua, hilo ni daraja la udereva, linaanzia E mpaka A+. Pembeni kuna SR, alama ya ustaarabu barabarani, kwamba hugongi watu ovyo. Yangu ni S, ya juu kabisa. Nimefika hapo kwa pedi ya kawaida na bando la simu.

Kila mwaka kuna Gran Turismo World Series. Unaingia raundi za mtandaoni kwa saa zilizopangwa, unakusanya pointi, walio juu wanaitwa kukutana ana kwa ana. Ukiwa DR ya juu unapangwa na wakali, na chumba cha wakali ndicho chenye pointi nene. Nimebakiza kidogo sana kuingia A+.

Swali langu ni moja. Nihamie Dar miezi minne kwenye intaneti ya waya nikajiandae, au ninunue usukani na pedali nibaki hapa hapa Kigoma? Nina 2,800,000 mkononi. Nataka kuamua kabla ya Jumapili.

Chuma_cha_Urambo
Kwa hiyo mkuu unakimbiza gari ambalo halipo, kwenye barabara ambayo haipo, halafu nauli ya kwenda Dar ndiyo ya kweli. Ngoja nivute kiti nikae hapa.

Mzee_wa_Reli
Kijana, mimi nimefanya kazi karakana ya reli Tabora mpaka nikastaafu. Nikueleze kisa. Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori miaka ya sabini, njia ya Tabora hadi Kigoma, vumbi kiangazi, matope masika. Alikuwa anajua kuendesha, sisemi kwa upendeleo. Enzi hizo redio ilikuwa haiishi kumtaja Joginder Singh, aliyechukua Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Akaja Shekhar Mehta naye akawa anaichukua mfululizo. Kaka akajiambia, hawa si Waafrika Mashariki wenzangu? Akauza ng'ombe wawili wa baba akanunua gari bovu la kulitengeneza. Lile gari lilikaa nyuma ya nyumba yetu pale Cheyo mpaka kuku wakataga ndani. Baba hakumsemesha kwa mwaka mzima.

Kuhusu Dar sijui, ila treni ya siku hizi inachelewa.

FundiMtandao
Mleta mada, achana na hao, nikujibu kwa hesabu.

Kigoma hadi Dar kwa njia ya reli ni kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi Dar ni milisekunde 12 au 13, ongeza chache za mitambo ya njiani. Sasa toka Dar mpaka katikati ya Ulaya kwa nyaya za chini ya bahari ni takriban kilomita 10,000. Hapo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 100, hata ukilala juu ya waya wenyewe pale unapotokea baharini. Ukihama Kigoma kwa ajili ya pingi, yaani huo muda wa kwenda na kurudi, umehama kwa ajili ya milisekunde 12.

Kinachokuumiza ni bando la simu. Sasa hivi pingi 170, sekunde ijayo 400, halafu 180. Mwenzako anaona gari lako linaruka kama panzi, mnagusana, adhabu unakula wewe. Pingi ya 180 iliyotulia ni bora kuliko ya 120 inayocheza. Tafuta nani ana intaneti ya waya hapo hapo mjini, omba ujaribu usiku mmoja kwa saa zile zile za raundi, uandike namba. Hiyo haikugharimu hata 20,000.

Ila kuna kitu hakijakaa sawa. Kibanda cha 1,000 kwa saa kimekupa 2,800,000 taslimu?

Kijana_wa_Mwanga
Asante sana FundiMtandao, hii hesabu sijawahi kuisikia kwa mtu. Pesa ipo tu mkuu, ni za kujichanga. Tujadili usukani.

Mama_Kibirizi
Mwakeye wanangu. Mimi si mtu wa gemu, nauza dagaa Kibirizi mwaka wa kumi na nane huu. Wewe kijana, "ipo tu" ni jibu la mtu anayekwepa. Hiyo pesa ni ya nani?

Chuma_cha_Urambo
Mama kapiga breki kabla ya kona.

Kijana_wa_Mwanga
Sawa. Ni ya mama yangu. Ni mtaji wake wa dagaa. Simu yake iliibiwa, akaniomba nimtunzie kwenye laini yangu mpaka giza litakapoingia. Sijaiba, naomba ieleweke. Nilipanga kuirudisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, usukani nimeshalipia kianzio cha 700,000 kwa jamaa wa Dar, na tiketi ya treni ya wiki ijayo nimekata. Lakini siyo ujinga. Jann Mardenborough alikuwa kijana wa Cardiff anacheza gemu tu nyumbani, 2011 akashinda GT Academy, lile shindano la kuwatoa wachezaji wa gemu kuwa madereva wa kweli, 2013 akawa wa tatu Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, katika daraja la magari la LMP2. Brendon Leigh alikuwa anafanya kazi jikoni, akawa bingwa wa F1 Esports, mashindano ya gemu ya Formula 1, 2017, akarudia 2018. Wote walianza watu hawawaelewi. Mama akiniona jukwaani ataelewa.

Mama_Kibirizi
Mwanangu, unajua giza ni nini au unalisikia tu nyumbani? Dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Giza likiingia, mwenye pesa mkononi anapokea mzigo asubuhi pale ufukweni, asiye nayo anaangalia. Ukikosa siku zile umekosa mpaka mwezi mwingine, na wateja wako wa Dar wanahamia kwa mwenzako. Mimi nilikosa giza moja tu, mwaka niliouguza mtoto. Wateja wawili hawajarudi mpaka leo. Kwa hiyo usiniambie utarudisha. Niambie utarudisha tarehe ngapi.

Mzee_wa_Reli
Ng'ombe wa baba hao, nilisema mimi.

Unyanyembe_Boy
Mdogo wangu, mifano yako ni ya kweli lakini mlango umefungwa. GT Academy iliendeshwa 2008 mpaka 2016, ikaisha. Siku hizi anayefika fainali ya gemu anabaki bingwa wa gemu, na hilo nalo si dogo.

Shahidi_77
Naomba niwaharibie starehe. Hii ni chai, tena ya rangi.

Nina PlayStation miaka sita. Ukifungua akaunti unachagua nchi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Ukishachagua, haibadilishwi milele. Na World Series ina orodha yake ya nchi, inataka uwe mkazi wa nchi iliyomo. Sasa huyu anafuzu kama raia wa wapi? Pili, mtu ana SR ya S kwa bando la simu lenye pingi ya kuruka? Tatu, mama, giza, simu iliyoibiwa, treni, kila kitu kimekaa mahali pake kama tamthilia. Kuna mtu anatafuta wasomaji.

Chuma_cha_Urambo
Yaani mimi nimeacha kula kwa ajili ya dagaa wa kutunga?

FundiMtandao
Hoja ya kwanza ya Shahidi ni nzito. Mleta mada, jibu hiyo.

Mzee_wa_Reli
Kama ni uongo, kisa cha kaka yangu ni cha kweli.

Unyanyembe_Boy
Ngojeni, msimhukumu. Mimi nipo Tabora, nacheza mbio kwenye kompyuta. Kijana, nijibu bila kwenda kutafuta. Ukiwa na gari la Gr.3, lile daraja la magari ya mashindano kwenye gemu, umeweka wapi ABS, ile ya kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki, na unageuza gari kwa kutumia kitu gani?

Kijana_wa_Mwanga
ABS nimeiacha ya kawaida, nikiiweka dhaifu napoteza breki za mwisho. TCS, ile ya kuzuia tairi zisiteleze ukikanyaga mafuta, sifuri, matairi yakichoka napandisha moja. Na sigeuzi kwa kijiti. Pedi za kibandani zinapigwa na watoto kutwa, kijiti cha kushoto kinajiendea chenyewe, ukinyoosha gari linaenda kushoto. Nikazoea kugeuza kwa kuinamisha pedi nzima, kama bakuli la uji ambalo hutaki limwagike. SR ni S kwa sababu mtandao ukianza kuruka napisha wote, nakaa nyuma mpaka utulie. Ndiyo maana DR yangu imechelewa.

Kuhusu nchi, Shahidi yuko sahihi. Akaunti ni ya Afrika Kusini. Niliweka anwani niliyoiona mtandaoni, sijawahi kukanyaga huko. Hili ndilo linaloninyima usingizi, pesa ni la pili. Nilidhani nikifuzu nitapata namna ya kuwaelezea. Mtu kashinda kwa haki barabarani, kweli watamkatalia kwa anwani?

Unyanyembe_Boy
Huyu ni mchezaji. Jibu la pedi kujiendea huwezi kulitunga kama hujaishi na pedi za kibandani.

Sasa nikwambie kama kaka. Watakukatalia. Fainali ni ya kusafiri, na kusafiri ni pasi, na pasi yako ni ya Tanzania. Utakuwa umemaliza msimu mzima na mtaji wa mama kwa kiti ambacho hakina jina lako, na kuna kijana wa Afrika Kusini wa kweli utakuwa umemzibia.

Tazama iRacing. Ni ya kompyuta, ipo tangu 2008, mimi nimejiandikisha kwa jina langu na nchi yangu. Unaanza leseni ya Rookie, unapanda D, C, B, A. Kuna iRating, alama ya uwezo wako, inaanzia 1350, na kuna alama ya usalama. Ukitoka nje ya barabara ni pointi 1 ya kosa, ukipoteza gari ni 2, ukimgonga mtu vibaya ni 4. Kwa mtu aliyejifunza kupisha kwa sababu ya bando, leseni utapanda haraka kuliko mimi nilivyopanda. Ni ghali, sikufichi. Unalipia uanachama, halafu magari na barabara nyingi unanunua moja moja. Kufika kwenye zile ligi zao za dunia ni miaka. Lakini kila hatua utakayopanda ni yako.

Na usukani mpya utakufanya mzito wiki za mwanzo, mikono yako imezoea bakuli la uji. Mimi nina usukani wa Logitech G29 nimeufunga kwa bolti kwenye meza ya kushonea ya marehemu bibi. Treni yako inapita Tabora. Shuka, ukae siku tatu ujaribu kabla ya kummalizia yule wa Dar.

Shahidi_77
Kwa pedi ile nimekubali, naomba radhi. Ila anwani ya watu uliyoweka, usiitumie tena.

Kijana_wa_Mwanga
Nimesoma yote mara mbili. Asubuhi nimempelekea mama 2,100,000 mkononi, hakuniuliza kitu, alikuwa anasuka kamba ya kufungia mzigo. Jamaa wa Dar hapokei simu tangu jana, ila naamini atapokea. Akaunti bado sijaifuta, DR A nimeitafuta miaka miwili, naomba msinilazimishe kwa leo. Unyanyembe, nitashuka Tabora. Niambie meza ya bibi ina kimo gani, mimi ni mrefu.

Unyanyembe_Boy
Sentimita 74. Tutaweka matofali chini ya miguu yake. Njoo na soksi nyepesi, pedali za breki ni ngumu.

Mama_Kibirizi
Na ile laki saba, mama yako anaijua?