Niache sigara sasa au nikishapata mimba?

Bibi Harusi wa Zamani: Habari zenu. Mwakani tunataka mtoto. Navuta sigara, si nyingi, na uzito umepanda tangu nipate kazi ya kukaa. Wifi yangu ananicheka, eti mambo hayo huanza mimba ikishaingia. Ninavyoishi sasa vitamgusa kweli mtoto hata akiwa mtu mzima?

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, wifi yako anakupenda ila kwa hili usimsikilize. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kama siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wengi ndiyo kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa! Ndiyo maana asidi ya foliki, vidonge vya vitamini vinavyosaidia mfereji huo kujifunga vizuri, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya mimba.

Na utu uzima unaouliza: Uholanzi ilikumbwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Watoto waliotungwa wakati ule walipofuatiliwa ukubwani, maradhi ya moyo yalionekana zaidi kwao, ingawa wengi walizaliwa na uzito wa kawaida tu. Kwa macho usingeona kasoro.

Unene nao una njia yake. Huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, na mtoto anayekulia kwenye sukari nyingi tumboni huelekea kunenepa na kupata kisukari baadaye. Sehemu nyingine ni kurithi na chakula cha nyumbani, kwa hiyo usijibebeshe lawama yote. Lakini usianze kujinyima chakula ukiwa mjamzito. Punguza uzito sasa, polepole. Sigara acha leo.

Baba Mtarajiwa: Kila kitu mama. Sisi je?

Mkunga Mstaafu: Nilikuwa nakungoja, baba! Mbegu hukomaa kwa takriban miezi miwili na nusu, na sigara huziharibu. Tena moshi wako mkeo anauvuta bure.

Bibi Harusi wa Zamani: Asante mama. Mume wangu ananizidi kwa sigara, jioni atausoma uzi huu. Hivyo vidonge ninunue tu?

Mkunga Mstaafu: Hivyo vya 400, nunua. Ila kama una kisukari, unameza dawa za kifafa, au uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, yaani mfereji ule haukujifunga, anza kwa daktari. Huenda ukahitaji dozi kubwa zaidi, na baadhi ya dawa za kifafa hubadilishwa kabla ya mimba. Usiziache mwenyewe.